Mfupa Mzito Si Lazima Uwe Mfupa Imara

Sehemu kubwa ya kazi yangu hufanyika katika chumba chenye giza, mbele ya hadubini yenye mwanga wa urujuanimno, nikitazama vipande vya mfupa vilivyokatwa vyembamba kuliko unywele. Kila kipande kimetolewa kwenye ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga wa mgonjwa ambaye, kabla ya kukatwa kipande hicho cha mfupa, alimeza dawa ya tetrasaiklini kwa awamu mbili zilizopishana kwa siku kadhaa. Dawa hiyo hunasa mahali ambapo mfupa unatiwa madini wakati huohuo, nayo hung'aa rangi ya manjano chini ya mwanga huo, kiasi kwamba ninaona mistari miwili iliyo sambamba. Nikipima umbali kati ya mistari hiyo na kuugawa kwa idadi ya siku, ninapata kasi ya ujenzi wa mfupa, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya huwa kama nusu ya maikromita kwa siku. Kwa wagonjwa wengine naona mstari mmoja hafifu, na kwa wengine sioni hata mmoja. Wagonjwa hao wanaweza kuwa na wingi uleule wa madini kwenye mashine ya eksirei ya kupimia mifupa, ilhali mifupa yao imo katika hali tofauti kabisa. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Seli ziitwazo osteoklasti hujibandika juu ya mfupa, huyeyusha madini kwa asidi, kisha huivunjavunja kolajeni, yaani nyuzi za protini za mfupa, kwa vimeng'enya, na katika muda wa wiki tatu hivi huacha kishimo. Baadaye huja osteoblasti, ambazo hutandika kolajeni mpya na kuiacha ishike madini, na kazi hiyo huchukua miezi mitatu hadi minne. Baadhi ya osteoblasti huzikwa ndani ya mfupa zilioujenga zenyewe na kugeuka osteositi, ambazo ni zaidi ya asilimia 90 ya seli zote za mfupa, na ambazo huhisi mzigo unaobebwa na mfupa na kutoa amri za wapi pabomolewe na wapi pajengwe. Mtafiti wa Marekani Harold Frost ndiye aliyetufundisha kuzitazama seli hizi kama kikosi kimoja kinachosafiri pamoja, na sijaona picha iliyo bora kuliko hiyo. Ninaomba msomaji aikumbuke tofauti ile ya muda, wiki tatu za kubomoa dhidi ya miezi mitatu au minne ya kujenga, kwa sababu karibu kila jambo litakalofuata linatokana nayo.

Homoni ya estrojeni inapopungua hedhi inapokoma, vishimo vinavyochimbwa kwa wakati mmoja huwa vingi, na kila kimoja hujazwa pungufu kidogo kuliko kilivyochimbwa. Kwa miaka kadhaa mwanamke anaweza kupoteza takriban asilimia 2 ya mfupa wa uti wa mgongo kila mwaka. Asilimia hizo, hata hivyo, huficha jambo lililo zito zaidi, yaani mahali mfupa ulipopotea. Ndani ya pingili ya uti wa mgongo mna wavu wa vijiti, vingine vimesimama wima na vingine vimelala na kuvishikanisha vile vya wima. Kishimo kikikata kijiti kilicholala, osteoblasti hazina tena sakafu ya kujengea, na kijiti hicho hakirudi. Mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha katika karne ya 18 kwamba nguzo nyembamba isiyoshikiliwa ubavuni ikirefushwa mara mbili, mzigo unaotosha kuipinda hushuka hadi robo ya ule wa awali. Kijiti kimoja kilichokatika ni chembe ya uzito tu kwa mashine, ilhali nguzo iliyokuwa ikikitegemea imepoteza robo tatu ya uwezo wake wa kuhimili.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba uzito na uimara ni vitu viwili ulichapishwa mwaka 1990, katika utafiti ulioongozwa na Lawrence Riggs nchini Marekani. Wanawake 202 waliokuwa na udhaifu wa mifupa na waliokwisha vunjika pingili za mgongo waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapewa floraidi na lingine vidonge visivyo na dawa, na wote wakapewa kalsiamu kwa miaka minne. Floraidi huchochea osteoblasti kwa nguvu, na kwa kipimo cha mashine matokeo yalikuwa ya kufurahisha mno, kwani wingi wa madini kwenye mgongo wa chini uliongezeka kwa asilimia 35. Lakini pingili hazikupungua kuvunjika kwa kiwango cha maana, na mifupa mingine nje ya mgongo ilivunjika mara nyingi zaidi katika kundi lililopewa floraidi. Mfupa uliojengwa ulikuwa mwingi, lakini madini yake yalikuwa yameungana vibaya, na wakati mgongo ukinenepa mfupa mgumu wa mkono ulikuwa ukipungua. Miaka sita baadaye ukaja utafiti mkubwa wa alendroneti, dawa ya kundi la bisfosfoneti ambayo hujenga kidogo sana na kazi yake hasa ni kuzizuia osteoklasti. Wingi wa madini mgongoni ulizidi ule wa kundi la kulinganishia kwa takriban asilimia 6 tu, na bado kuvunjika kwa pingili kulipungua kwa karibu nusu, na nyonga vivyo hivyo. Asilimia 35 hazikumlinda mgonjwa, asilimia 6 zikamlinda. Ninawaomba wanafunzi wangu walitafakari jambo hili kabla ya kushika hadubini. Maelezo yake ni kwamba kila kishimo kilicho wazi ni mahali ambapo nguvu hujikusanya na ufa huanzia, hivyo kupunguza idadi ya vishimo huuimarisha mfupa hata kabla haujaongezeka uzito.

Kwa hiyo sipendi kuona uamuzi wote ukiegemea kile kipimo kimoja. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka wa ugonjwa wa udhaifu wa mifupa kuwa wingi wa madini ulio mikengeuko sanifu 2.5 (kipimo cha kitakwimu cha jinsi watu wanavyotofautiana) chini ya wastani wa vijana wenye afya, mpaka ambao umesaidia sana kuufanya ugonjwa huu utambulike. Lakini uchunguzi uliofanywa Rotterdam ulionyesha kwamba, miongoni mwa wanawake waliovunjika mifupa isiyo ya mgongo, ni asilimia 44 tu waliokuwa chini ya mpaka huo, na miongoni mwa wanaume ni asilimia 21. Waliobaki wangeambiwa kwamba hawana ugonjwa. Kikokotoo cha FRAX cha kukadiria hatari ya kuvunjika mifupa, kilichotolewa mwaka 2008 na kikundi cha John Kanis wa Chuo Kikuu cha Sheffield, kilirekebisha kasoro hiyo kwa kuingiza umri, kuvunjika kwa zamani, nyonga ya mzazi iliyovunjika, uvutaji wa sigara, pombe na dawa za kotikosteroidi (za kutuliza uvimbe mwilini), ingawa hakihesabu kuanguka, ambako ndiko huvunja nyonga nyingi kuliko kitu kingine chochote. Mwenye kisukari cha aina ya pili mara nyingi huvunjika akiwa na madini ya kutosha kabisa, na anayemeza kotikosteroidi huingia hatarini ndani ya miezi michache, mashine ikiwa bado haijaona chochote cha kutisha.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 iligunduliwa protini ya RANKL, ambayo bila hiyo osteoklasti haziwezi kukomaa. Kingamwili inayoizuia, denosumabu, hudungwa mara moja kila miezi sita, na katika utafiti wa mwaka 2009 uliohusisha wanawake zaidi ya 7,800 ilipunguza kuvunjika kwa pingili kwa asilimia 68 na nyonga kwa asilimia 40. Hata hivyo, kwa sababu osteoblasti hufuata palipochimbwa, ukizuia kuchimba unapunguza pia kujenga, na ndiyo maana vipande vya wagonjwa hao mara nyingi havina mistari yangu ya manjano. Njia ya kutenganisha kazi hizo mbili ilipatikana kwa kuchunguza familia chache, nyingi zikiwa za Afrika Kusini, zenye maradhi ya nadra ambamo mifupa huwa minene isivyo kawaida na haivunjiki kwa urahisi. Watu hao hawatengenezi sklerostini, protini ambayo osteositi huitumia kuzituliza osteoblasti. Dawa ya romosozumabu, inayoizuia sklerostini, huongeza ujenzi na wakati huohuo hupunguza ubomoaji, ingawa nguvu yake ya kujenga hufifia haraka na hutolewa kwa mwaka mmoja tu. Ilipofuatwa na alendroneti, pingili zilizovunjika zilikuwa pungufu kwa asilimia 48 kuliko kwa waliotumia alendroneti peke yake. Katika utafiti huohuo matukio makubwa ya moyo na kiharusi yalikuwa mengi kidogo kwa waliopewa romosozumabu, na mimi siwezi kumshauri mtu aliyepata kiharusi hivi karibuni aitumie.

Mpangilio wa dawa, basi, una uzito kama dawa zenyewe. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba wagonjwa waliohamishwa kutoka denosumabu kwenda teriparatidi, ambayo ni dawa ya kujenga, walipoteza mfupa kwa muda, ilhali waliopewa dawa hizohizo kwa mpangilio wa kinyume waliendelea kuongeza. Jambo linalonisikitisha zaidi ni mgonjwa anayeacha denosumabu ghafla kwa kuwa anajisikia vizuri. Ndani ya miezi michache ubomoaji hurudi kwa kasi kuliko kabla ya tiba, na baadhi ya wagonjwa huvunjika pingili kadhaa kwa mfululizo. Mwaka 2021 watafiti wa Taasisi ya Garvan mjini Sydney walionyesha katika panya kwamba osteoklasti hazifi zote kama tulivyodhani, kwani nyingine hugawanyika kuwa seli ndogo na baadaye huungana tena, na kwamba RANKL ikizuiwa seli hizo ndogo hurundikana. Inawezekana ndizo zinazoamka kwa pamoja dawa inapokatika. Anayedungwa denosumabu asiruke sindano hata moja kabla ya kuzungumza na daktari wake, na ikiwa wameamua kuiacha, dawa ya bisfosfoneti iwe imepangwa kuanza takriban wakati ambao sindano inayofuata ingedungwa.