Je, wajua kwa nini mkaguzi wa rangi ya meli hupima hewa kabla debe halijafunguliwa?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, masika yameshika, bamba la chuma lililopigwa mchanga (yaani kusafishwa kwa chembe ngumu zinazorushwa kwa shinikizo) jana jioni kwenye chelezo cha Mombasa, pale meli zinapokarabatiwa, huonekana kavu kabisa. Ukilipapasa, kidole hakilowi. Hata hivyo mkaguzi anayeijua kazi yake atakataa rangi isichanganywe, na sababu yake ni namba tatu: hewa nyuzi 25, unyevu asilimia 90, chuma nyuzi 24. Kwa hewa ya namna hiyo, umande huanza kutua juu ya chuma chenye nyuzi 23.2. Chuma kimeupita umande kwa nyuzi 0.8 tu. Kanuni inataka kiupite kwa nyuzi 3 au zaidi, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85.

Kanuni hiyo ni ya Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, iliyopitishwa mwaka 2006. Inahusu matangi ya farumi, yaani yale yanayojazwa maji ya bahari ili meli isiyo na shehena isiyumbe, kwenye meli mpya za tani 500 kwenda juu, na lengo lake ni rangi idumu miaka 15. Ukarabati una mwongozo wake, lakini vigezo ni vilevile kwa sehemu kubwa, maana kutu haiulizi meli ina umri gani.

Mbona nyuzi 3, na si nusu? Kwanza, vipimo vyenyewe hukosea kidogo. Pili, kiyeyushi cha rangi kinapopeperuka hupoza uso wa chuma, kama vile spiriti inavyopoza ngozi. Utando wa maji usioonekana kwa macho ukibaki chini ya rangi ya epoksi, rangi haishiki. Kuna na balaa la pili: dawa ya kukaza epoksi ikikutana na unyevu na hewa ya kaboni huacha mafuta mepesi juu ya rangi mbichi. Koti la pili likipakwa juu ya mafuta hayo, litabanduka kama ganda la yai.

Mchana mambo hubadilika, lakini si mahali pote. Hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, umande uko nyuzi 26.2. Ubavu wa meli unaopigwa na jua una nyuzi 38, hauna neno. Sehemu ya chini, kivulini, juu ya magogo yanayoibeba meli, bado ina 28.5: hairuhusiwi. Meli moja, saa moja, majibu mawili. Ndiyo maana kipimo kisichosema kimechukuliwa wapi hakina thamani, na hapo ndipo vifaa vya dijitali vilipoleta faida. Watu wengi hudhani faida ni usahihi wa namba. Sivyo. Faida ni kwamba kila namba huzaliwa na saa yake, na ikiunganishwa na simu au kishikwambi kwa Bluetooth, hubandikwa picha, jina la tangi na namba ya taruma, ule ubavu wa chuma unaoshika bamba za meli (fremu, mafundi wanavyosema).

Hiyo saa nayo ina mtego wake huku kwetu. Fundi akiandika daftarini “saa 2”, anamaanisha asubuhi; mkaguzi mgeni atasoma usiku wa manane au saa nane mchana. Kifaa kitaandika 08:00. Daftari na kifaa vikiwekwa pamoja bila kulinganishwa, jalada la rangi, yaani kumbukumbu za vipimo na kazi, linaonyesha rangi imepakwa kabla ya chuma kusafishwa. Kubalianeni siku ya kwanza kuandika kwa saa 24, na kifaa kilichotoka ng’ambo kirekebishwe saa yake kabla hakijagusa chuma.

Chumvi ndiyo adui mkubwa zaidi wa pwani, na haionekani. Hupimwa kwa kubandika kiraka cha mpira chenye uwazi wa sentimita za mraba 12.5 juu ya chuma kilichosafishwa, kisha maji safi yaliyokenekwa huingizwa kwa sindano, huvutwa na kurudishwa mara kadhaa, halafu hupimwa yanavyopitisha umeme. Ukitumia mililita 15, kila maikrosimensi 1 (kizio cha kupitisha umeme) iliyoongezeka kwa sentimita huhesabiwa kama miligramu 6 za chumvi mchanganyiko kwa mita ya mraba. Kikomo cha matangi ya farumi ni miligramu 50, kwa hesabu ya chumvi ya kawaida. Kosa linalorudiwa mno ni kutoyapima maji yenyewe kabla hayajaingizwa. Basi uchafu wa chupa unahesabiwa kuwa wa meli. Chuma kikizidi kikomo, huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi yenye shinikizo na kupimwa upya. Mchanga wa ufukweni usitumike kupigia chuma: una chumvi, na vumbi la mchanga wenye silika huua mapafu.

Kisha unene. Rangi ya tangi la farumi hutakiwa ifike maikroni 320 ikikauka (maikroni 1,000 ni milimita moja). Rangi yenye asilimia 80 ya kitu kigumu, ikipakwa mbichi maikroni 200, hubaki 160. Makoti mawili yanatosha, mradi pembe na mishono ya weldi ipakwe kwa brashi kabla ya kila koti, kwa sababu rangi inayopulizwa kwa bomba huikimbia ncha kali. Katika vipimo 100, visipungue 90 vinavyofika 320, na vile vilivyobaki visishuke chini ya 288. Hesabu hiyo kifaa cha kupima unene hujifanyia chenyewe.

Lakini kifaa hakijui kimewekwa sifuri vipi. Kikirekebishwa juu ya bamba laini, kisha kikapelekwa kwenye chuma chenye mikwaruzo ya kupigwa mchanga, huhesabu sehemu ya mabonde kuwa rangi. Kwa mikwaruzo ya wastani hutolewa maikroni 25, kwa hiyo 320 ya kwenye kioo cha kifaa ni 295 ya kweli. Jalada lisilotaja njia ya urekebishaji lina namba nzuri zisizojulikana maana.

Udanganyifu je? Namba zilizopikwa kwenye karatasi hujulikana kwa usafi wake: 325, 330, 325, 330. Rangi ya kweli hutawanyika, 298 hapa, 410 pale kwenye kona. Dijitali imefanya upishi huo kuwa mgumu, haijaumaliza, maana mtu anaweza kugonga kipima mara arobaini pahali pamoja palipo pazuri. Saa humuumbua: vipimo arobaini ndani ya dakika moja haviwezi kuwa vimezunguka tangi lenye ngazi.

Jalada la rangi hukaa melini maisha yake yote, na kila ukarabati huongezwa humo. Tuseme mwaka wa sita malengelenge yametokea kati ya taruma 42 na 47, upande wa kushoto, kwingine kote hakuna dosari. Ukifungua vipimo vya siku ile unaona unene sawa, umande sawa, ila chumvi ya ukanda huo ilipimwa kabla ya kuoshwa na haikupimwa tena. Mwenye meli hulipia kupiga mchanga mataruma sita, si tangi zima.