Tunutu wa kereng'ende si uchafu: maelezo kwa wakulima wa vinyungu

Vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vikianza kulimwa, malalamiko nayo huanza: chemchemi imeingia wadudu, leteni dawa. Chupa inayoletwa kama ushahidi huwa na mdudu wa rangi ya tope, miguu sita, macho makubwa. Huyo ni tunutu wa kereng'ende, yaani mtoto wake anayeishi majini kabla ya kuota mabawa. Hang'ati watu, haleti kichocho, na kereng'ende mkubwa hana mwiba wa kuchoma. Kumwaga dizeli au dawa ya kuua wadudu wa mimea kwenye chemchemi ili afe ni kuwawekea majirani sumu.

Mtazame kwa karibu. Mdomo wake wa chini umekunjwa chini ya kichwa kama kiwiko. Kiluwiluwi wa mbu akipita, tunutu huufyatua na kumnasa kwa ndoano zilizo nchani. Hupumua kwa matamvua yaliyo ndani ya tundu la haja: huvuta maji na kuyatoa, na akishtuka huyasukuma kwa nguvu hadi achupe mbele. Hujivua ngozi mara 10 hivi au zaidi. Mara ya mwisho hupanda tete, mara nyingi usiku au alfajiri, mgongo hupasuka, na gamba hubaki limeng'ang'ania na nyuzi nyeupe zikining'inia. Kereng'ende wa njano wa madimbwi ya mvua humaliza haya kwa miezi 2 hivi. Wengine wa mito ya baridi huhitaji mwaka au zaidi, kwa hiyo kusuuza bomba la kupulizia dawa mtoni siku moja kunaweza kufuta uzao wa mwaka mzima.

Hapo ndipo penye shida yetu. Viuatilifu vya jamii ya pairethroidi, vilivyoigwa kutoka sumu ya ua la pareto, huua wadudu wa majini kwa kiasi kidogo mno. Usichovye bomba la kupulizia mtoni. Chota kwa ndoo safi, changanyia shambani. Chupa ya dawa ikiisha, tia maji robo, funga, tikisa sekunde 30, mimina kwenye bomba; rudia hadi mara 3, kisha toboa kitako. Maji ya kusuuzia bomba yanyunyizie zao lilelile. Tumeshalieleza hili mikutanoni mara nyingi, na bado chupa zinaokotwa kwenye matete.

Kuhusu mita 60 za kuacha bila kulima kando ya mto: kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya ukingo, ndani ya umbali huo. Pima kuanzia ukingoni, si pale maji ya Oktoba yalipokomea. "Babu alilima hapa" si kibali. Kukiuka ni kosa, na kung'oa kigingi hakusogezi mpaka. Milingoti (mikaratusi) iliyopandwa bondeni nayo hunywa maji ambayo tunutu angeyakalia. Matete yaacheni; bila shina la kupandia, tunutu wengi hushindwa kutoka majini.

Tahadhari moja: kuwapo kwa kereng'ende hakuthibitishi kwamba maji ni salama kunywa. Vijidudu vya kuhara havimsumbui. Chemsheni.

Mkiona tunutu, kaa na samaki wamekufa kwa pamoja, acheni kuchota na zuieni mifugo. Jazeni chupa ya kioo safi hadi mdomoni, ifungeni, ifunikeni isipate jua, iwekeni penye baridi, ifike maabara ndani ya saa 24. Mjulisheni mwenyekiti wa kijiji na Jumuiya ya Watumia Maji, kisha ofisi ya bonde, inayosimamia maji ya mito ya eneo lenu: Iringa kwa mito inayoingia Ruaha, Mbeya kwa inayoelekea Ziwa Rukwa, Tukuyu kwa inayoshuka Ziwa Nyasa. Andikeni saa mliyoona mzoga wa kwanza na mahali penyewe. Sumu husafiri na maji, na bila saa hiyo hatuwezi kukadiria ilimwagwa umbali gani juu ya mto.