Saratani imeonekana kwenye ini, lakini ilianzia wapi?

Hapa Tanga ndugu wa wagonjwa huniuliza: "Dokta, ugonjwa uko kwenye ini, mbona unataka na picha ya kifua?" Wana haki ya kuuliza. Aliyetoka Lushoto ameshalipa nauli, na kila kipimo kina bei yake.

Mara nyingi saratani ya kwenye ini ni mgeni. Damu ya matumbo hupitia ini kwanza, hivyo chembe zilizobanduka kwenye utumbo mpana, tumbo au kongosho hunasa humo na kukua. Hata hivyo hubaki kuwa saratani ya utumbo, na hutibiwa kwa dawa za saratani ya utumbo. Ndiyo maana natafuta chimbuko kabla mgonjwa hajaenda Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam.

Picha zenyewe hutoa fununu. Mzee analalamikia kiuno, eksirei inaonyesha pingili za mgongo nyeupe kama chaki: hapo nawaza tezi dume kabla ya kitu kingine. Mfupa ukiwa umeliwa, una matundu meusi, nageukia mapafu, figo au tezi ya koo. Mtoki mgumu juu ya mtulinga wa kushoto hunipeleka tumboni. Mwanamke mwenye saratani kwenye mitoki ya kwapa, na mamografia (eksirei ya matiti) ni safi, nashauri MRI ya matiti, picha inayopigwa kwa sumaku. Uvimbe mdogo huweza kufichuka huko.

Kipimo cha PET, picha ya mwili mzima, hutumia sukari iliyotiwa florini-18, yenye mionzi. Chembe nyingi za saratani huifakamia, zikang'aa pichani. Florini hiyo hupungua nusu kila dakika 110, kwa hiyo haiwekwi stoo. Ubongo na kibofu navyo hung'aa bila ugonjwa wowote, na msomaji wa picha asipolijua hilo atamtisha mtu bure. Kipimo hiki nakithamini zaidi kwa mtoki wa shingoni ambao chimbuko lake limejificha kwenye mafindofindo au shina la ulimi. Ila kwa wagonjwa wengi hata PET haioni chimbuko.

Nawasihi: njooni na picha zote za zamani, hata zilizokunjamana, na mtaje kila upasuaji. Mama anayeumwa mgongo haoni sababu ya kutaja titi lililoondolewa miaka mingi nyuma, kumbe pengine ndilo jibu. Na tukiomba kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa, tafadhali kubalini. Mimi kwa picha naonyesha pa kuchoma sindano. Maabara ndiyo husema ni saratani gani.