Baina ya Mzani na Tatami, Mkeka wa Judo: Tahadhari kwa Wachezaji wa Judo Kigoma

Tangu Andrew Thomas Mlugu abebe bendera ya Tanzania kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Paris 2024 na kucheza judo katika uzito wa kilo 73, ofisi yetu ya michezo inatembelewa na wazazi na vijana ambao zamani hatukuwaona. Wote wanauliza njia ya kufika huko. Njia ni pointi za orodha ya ubora wa dunia, zinazopatikana kwenye mashindano ya kimataifa. Dhahabu ya Grand Prix ina pointi 700, ya Grand Slam 1,000, ya ubingwa wa dunia 2,000. Zikipita miezi 12 zinabaki nusu, zikipita 24 zinafutika. Kwa Paris, wachezaji 17 wa juu wa kila uzito walifuzu moja kwa moja, na nchi haikuruhusiwa zaidi ya mchezaji mmoja kwa uzito mmoja. Mengine kocha wako anayajua.

Mimi nimekusudia kueleza kitu kingine, yaani dawa na njia zilizokatazwa michezoni, ambacho kinaweza kukatisha safari hiyo kabla hujapata hata pointi moja.

Lawama ya kwanza naielekeza kwenye jina la dawa hizo. Tumezoea kusema “dawa za kusisimua misuli”, kwa hiyo kijana akisikia zimekatazwa anamfikiria mtu wa gym mwenye mabega kama mlango, anayejidunga sindano chooni. Yeye hajidungi, basi anajiona msafi. Kumbe orodha ya Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa Zilizokatazwa Michezoni, WADA, imejaa vitu ambavyo havisisimui msuli wowote. Vidonge vya kukojoza vimo, na kinachosisimka hapo ni kibofu peke yake. Vimekatazwa siku zote za mwaka, mashindano yawepo yasiwepo, kwa sababu vinashusha uzito kwa hila na kuuzimua mkojo usionyeshe dawa nyingine.

Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja na mwalimu wake. Anacheza kilo 60. Siku tatu kabla ya mchujo alijipima kwenye mzani wa magunia ya dagaa pale Kibirizi, ukasoma 63 na ushei. Akavaa koti la mvua, saa saba mchana, akapanda mbio mpaka Mwanga akarudi. Siku nzima alikula chungwa moja. Usiku wa kuamkia kupimwa akameza vidonge viwili vya presha vya bibi yake. “Bibi mwenyewe anasema vinamwamsha kukojoa usiku kucha, afisa,” akanieleza, kama mtu anayesimulia ujanja. Asubuhi mzani ukasema 59.8. Alipotoka hapo miguu ilikuwa inatetemeka, mwalimu akampeleka zahanati akatundikiwa dripu, chupa nzima ya mililita 500, “apate nguvu ya kesho.”

Mwalimu alikuwa anatabasamu. Mimi nilikuwa nahesabu. Yangekuwa mashindano ya kimataifa, kijana huyu angekuwa amevunja kanuni mara mbili ndani ya saa 24, na hajamshika mtu ukosi.

Dripu inahitaji maelezo, maana hapa kwetu mgonjwa asipotundikiwa anaona hajatibiwa. Kwa mchezaji, maji au dawa ya kuingizwa mshipani inayozidi mililita 100 ndani ya saa 12 ni njia iliyokatazwa, hata kama ndani yake ni maji ya chumvi matupu. Inaruhusiwa tu ikiwa ni sehemu ya matibabu ya hospitali, ya upasuaji au ya uchunguzi wa kitabibu. Uchovu wa kujikamua uzito haumo. Umelazwa kwa malaria kali? Tibiwa, na utunze kila karatasi: ya kulazwa, ya kipimo, ya dawa ulizopewa. Ikiwa dawa yenyewe imo kwenye orodha, omba kibali cha matumizi ya tiba, yaani ruhusa ya kutumia dawa iliyokatazwa kwa sababu ya ugonjwa, kabla ya kuitumia. Ikiwa ilikuwa dharura, omba mara tu hali inapotulia. Kuomba baada ya majibu ya maabara kutoka, huku hukuwa na dharura yoyote, ni kupoteza karatasi.

Na hapana, ALU haijakatazwa, wala Panadol. Mawese ya Ujiji hayajawahi kukatazwa na mtu yeyote duniani. Nimeyasema haya kila mkutano, na kila mkutano kuna mkono unanyooka kuuliza. Ulizeni kuhusu vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa madukani kwa kuhesabiwa, ambavyo mara nyingi ni deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Kijana anayetaka kupanda kutoka kilo 66 kwenda 73 anavimeza bila wasiwasi, na vimekatazwa kipindi cha mashindano. Kipindi hicho, kwa tafsiri ya kanuni, kinaanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mashindano, hakisubiri refa aseme “hajime”, yaani anzeni.

Bangi nayo. Mmarekani Nicholas Delpopolo alimaliza wa saba London 2012 katika kilo 73, kisha akafukuzwa kwenye michezo ile. Alijitetea kwamba alikula chakula kilichookwa na bangi bila kujua. Matokeo yake yalifutwa.

Anayenisikitisha zaidi ni Rafaela Silva wa Brazil. London 2012 alitolewa kwa kushika mguu wa mpinzani, kosa la ulingoni ambalo mtu hujirekebisha nalo, na kweli 2013 akawa bingwa wa dunia, 2016 akachukua dhahabu ya Olimpiki ya kilo 57 mjini kwao Rio. Mwaka 2019, kwenye michezo ya mabara ya Amerika huko Lima, mkojo wake ukakutwa na fenoteroli, dawa ya pumu iliyokatazwa. Alisema huenda ilitoka kwa mtoto mchanga aliyecheza naye. Dhahabu ya Lima ikachukuliwa, akafungiwa miaka 2, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaithibitisha adhabu, na Olimpiki ya Tokyo ikampita. Alirudi, 2022 akawa bingwa wa dunia tena. Kanuni inasema kilichokutwa mwilini mwako ni chako. Jinsi kilivyoingia kinaweza kupunguza adhabu, lakini kazi ya kuthibitisha ni yako.

Ukichaguliwa kupimwa, utajulishwa na kusaini. Kuanzia hapo hutoki machoni pa msindikizaji, hata ukienda kuchukua medali. Unachagua mwenyewe kikombe, unakojoa mbele ya shahidi wa jinsia yako, angalau mililita 90. Usipofikisha, unakaa mpaka ufikishe. Mkojo unagawanywa chupa A na chupa B, zinafungwa mbele yako, namba unazikagua wewe. Kwenye fomu unaandika kila dawa na kirutubisho ulichotumia siku 7 zilizopita. Aliye chini ya miaka 18 ana haki ya kuwa na mtu mzima wake. Sampuli inaweza kuhifadhiwa na kupimwa upya hadi miaka 10 baadaye. Kukataa au kukimbia ni kufungiwa hadi miaka 4, kwa hiyo anayedhani kutoroka ni nafuu amekosea hesabu.

Kwa kidonge cha kukojoza au dripu, adhabu inaanzia miaka 2, na makusudi yakithibitika inakuwa 4. Wakati huo hufungiwi judo peke yake. Huruhusiwi kucheza, kufundisha wala kuamua mchezo wowote chini ya vyama vilivyosaini kanuni, hata mpira wa ligi, na mazoezi ya klabu unayakosa mpaka karibu na mwisho wa adhabu. Mwalimu anayempa mchezaji vidonge adhabu yake inaanzia miaka 4 na inaweza kufika maisha. Yule aliyekuwa anatabasamu, nilipofika hapa aliacha.

Uzito wenyewe una dawa yake. Kupima hufanyika siku moja kabla ya pambano, na asubuhi ya mashindano baadhi huitwa tena kwa kura; hapo usizidi asilimia 5 ya uzito wako, yaani wa kilo 60 asipite 63. Anayejikausha kilo 4 na kuzirudisha usiku mmoja ananaswa na mzani huo huo. Mkorea Kusini Chung Se-hoon alifariki mwaka 1996 akipunguza uzito. Kijana wetu wa Kibirizi mwili wake ni wa kilo 66 na nimemwambia hivyo. Alinung'unika kwamba huko kuna wenye nguvu. Wapo, ndiyo.

Ukiwa na shaka na dawa, ilete ofisini siku za kazi kabla hujaimeza. Ilete na boksi au kopo lake. Karatasi ya kaki iliyoandikwa “1x3” hainiambii chochote.