Kwa nini Mwingereza akisema "rainy day" anamaanisha siku ya shida?

Niliwapa wanafunzi wa tuisheni hapa Kigoma mjini sentensi moja ya Kiingereza waieleze kwa maneno yao, "save some money for a rainy day", kijana mmoja wa fomu tatu ambae kwao ni Kasulu akasimama bila kusita akasema ticha hiyo maana yake weka hela ya mbegu na mbolea, manake mvua ikishaanza huna muda tena wa kuitafuta. Darasa zima likaitikia, ndo hivyo. Na kwa mtu wa huku jibu lile lina akili kabisa, nani hajui mwezi wa kumi na moja unavyomkuta mkulima wa Kasulu au wa Urambo hana mbegu ndani na wingu limeshatanda? Ila kitabu kinataka jibu lingine: weka akiba ya siku ya matatizo. Siku ya mvua kwa Mwingereza ni siku mbaya, basi. Swali ambalo vitabu vyetu havigusi, na mi naona ndo la maana kuliko orodha nzima ya misemo wanayokaririshwa watoto, ni kwa nini iwe mbaya?

Jibu liko angani kwao. Sisi ukanda huu wa magharibi, Kigoma na Tabora, tuna msimu mmoja wa mvua, unaanza Oktoba mwishoni au Novemba unaenda mpaka Aprili, mwaka mwingine unagusa Mei, af Juni mpaka Septemba ni jua, vumbi na moshi wa mioto ya porini. Kwaiyo mvua ya kwanza ikigonga bati watu wanatoka nje kuiangalia. Uingereza haina kiangazi cha namna hiyo. Mvua inanyesha mwezi wowote inaotaka, Januari, Juni, Agosti, na mara nyingi ni manyunyu ya baridi yasiyoisha kuliko mvua ya kishindo. Na hapa kuna kitu kinashangaza wengi: London inapata kama milimita 600 tu za mvua kwa mwaka, wakati Kigoma na Tabora tunacheza kwenye 900 mpaka 1000 hivi. Yani maji ya mvua tunayo mengi kuwazidi! Tofauti ni kwamba yetu inamwagika kwa nguvu saa moja au mbili af jua linawaka, ya kwao imesambazwa kidogo kidogo mwaka mzima, na juu yake kuna wingu la kijivu linaloweza kukaa leo, kesho na keshokutwa. Mfikirie kibarua wa zamani kule, fundi wa paa au mvunaji wa ngano, siku ya mvua hakuna kazi, hakuna kazi hakuna hela, na nyumbani kuna baridi inayotaka kuni. Ukiliona hilo huhitaji tena kukariri.

Mawingu nayo hivyo hivyo. Mtu akiwa "under a cloud" anatuhumiwa, watu wana mashaka nae. "A cloud on the horizon" ni dalili ya tatizo linalokuja. Sisi tunasema dalili ya mvua ni mawingu, na tunaisema kwa jema na kwa baya, ukimuona kijana anaanza kupiga tofali unasema dalili ya mvua ni mawingu, huyu anaoa karibuni. Kwao wingu ni mwizi wa jua, na jua lenyewe ni la kugombania, manake Desemba pale London mchana mzima una urefu wa kama masaa nane tu, huku kwetu ni masaa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Ndo maana mtu mchangamfu anaefurahisha wenzake wanamuita "a ray of sunshine", mwale wa jua. Jaribu kumsifia mtu hivyo saa saba mchana mwezi wa tisa pale stendi ya Tabora uone kama atakuelewa.

Sasa kuna huu ambao naupenda kuliko yote, "every cloud has a silver lining". Watu wengi wanautafsiri baada ya dhiki faraja wakamaliza. Upo karibu lakini sio wenyewe. Silver ni fedha, yale madini yanayong'aa, na lining ni bitana, ile nguo ya ndani ya koti ambayo mafundi cherehani wa Mwanga hapa Kigoma mjini wanaijua vizuri. Chanzo chake ni mshairi John Milton, ambae mwaka 1634 aliandika mchezo ukachezwa kwenye ngome ya Ludlow, ndani yake kuna binti amepotea msituni usiku, anainua macho anaona wingu jeusi limegeuza upande wake wa ndani na bitana yake ni ya fedha. Methali kamili ilikuja kukaa sawa baadae, miaka ya 1800. Kwaiyo faraja kwenye msemo huu haiji baada ya dhiki, ipo humo humo ndani ya wingu lile lile, muda ule ule, ila imegeuziwa upande wa pili.

Na Kigoma tuna bahati moja, bitana hiyo tunaiona kwa macho. Nenda Kibirizi jioni ya Februari kama saa kumi na mbili hivi, simama pale boti za dagaa zinapopakia taa na mafuta, angalia ng'ambo kwenye milima ya Congo jua linapoingia nyuma ya wingu la mvua. Katikati ya wingu ni jeusi ti, ila pembeni kuna mstari mwembamba unaong'aa mpaka unafumba macho. Sababu ni kwamba wingu ni matone madogo sana ya maji, moja lina upana wa kama sehemu mbili za mia za milimita, katikati wingu ni nene kwaiyo mwanga unapotelea humo ndani, lakini kwenye ukingo ni jembamba na matone madogo namna hiyo yana tabia ya kuusukuma mwanga kwenda mbele, uelekeo ule ule uliokuwa unakwenda, yani moja kwa moja kwenye jicho lako wewe uliesimama upande wa pili. Kwaiyo ukitaka kuona bitana lazima wingu liwe kati yako na jua. Jua likiwa mgongoni kwako huoni kitu. Mimi nikifundisha msemo huu nawapeleka wanafunzi ziwani kwanza, ubao baadae.

"On cloud nine", kuwa na furaha iliyopitiliza, nao una hadithi yake ndefu. Inaanzia kwa Luke Howard, mfamasia pale London, ambae mwaka 1802 alisimama mbele ya wenzake akapendekeza mawingu yapewe majina ya Kilatini, akaleta cumulus, stratus, cirrus na nimbus, majina ambayo wataalamu wa hali ya hewa mpaka leo wanayatumia. Mwaka 1896 ikatoka atlasi ya kimataifa ya mawingu, ikaorodhesha aina kumi, na namba tisa ilikuwa cumulonimbus, lile dubwana la radi ambalo huku kwetu linasimama mchana wa Novemba na linaweza kupanda zaidi ya kilomita 15 kwenda juu. Watu wakaunganisha, namba tisa ndo refu kuliko yote kwaiyo alieko juu yake yuko juu ya wote kwa raha. Inapendeza kuisikia. Tatizo ni kwamba Wamarekani walikuwa wanasema pia "cloud seven" na "cloud eight" kwa maana hiyo hiyo, na hiyo tisa ilikuja kushinda baadae, sasa kama chanzo ni atlasi hiyo saba na nane zimetoka wapi? Mi siikubali hadithi ile. Na kwa mtu wa huku haiingii akilini kabisa, mashariki ya Congo hapo ng'ambo ya ziwa letu ni kati ya sehemu zinazopigwa radi nyingi kuliko zote duniani, hakuna mvuvi wa Kigoma ambae angetamani kukaa juu ya wingu lile.

"It's raining cats and dogs", neno kwa neno inanyesha paka na mbwa, maana yake mvua kubwa sana, tusikae nao sana. Umeanza miaka ya 1600, na ile hadithi inayosambaa kwenye simu kwamba mbwa na paka walikuwa wanalala juu ya paa za nyasi mvua ikija wanateleza wanaanguka, mtu yeyote aliekulia nyumba ya nyasi kijijini anajua mbwa halali huko juu, tena mvua ikinyesha ndo anaingia uvunguni. Halafu wenyewe siku hizi hawautumii hivyo kwenye maongezi, watakwambia "it's pouring" basi. Mwanafunzi anaeutumia kila insha anaonekana kakariri.

Ila radi, radi ina kisa cha kweli. "To steal someone's thunder" ni kumfunika mtu kwenye jambo lake, mfano siku unatolewa mahari, watu wamekaa, na dada yako anasimama kutangaza kapata kazi Dodoma, macho yote yanahamia kwake. Kimetoka kwa John Dennis, mwandishi wa maigizo, mwaka 1709 pale London kwenye ukumbi wa Drury Lane. Alibuni njia mpya ya kutengeneza sauti ya radi kwa ajili ya mchezo wake, mchezo ukadoda ukatolewa, baada ya muda mfupi akaenda ukumbini hapo hapo kuangalia Macbeth ya Shakespeare, akaisikia radi yake inapiga! Akalalamika kwa sauti kwamba mchezo wangu mmeukataa lakini radi yangu mmeiiba. Zaidi ya miaka 300 baadae mchezo wake hakuna anaeujua, malalamiko yake yamebaki.

Misemo mingine haina uzito kwenye mtihani lakini kazini inakuumbua. Kuna vijana wetu wengi wanafanya kazi kwenye mashirika ya wakimbizi Kasulu na Kibondo, ofisi ambazo imeili zote ni Kiingereza. Binti mmoja alimkaribisha bosi wake mgeni chakula cha mchana akajibiwa "can I take a rain check?", akatoka nje kuangalia mawingu. Kumbe ni lugha ya mpira wa besiboli wa Marekani, tangu miaka ya 1880 mechi ikikatishwa na mvua mtazamaji alikuwa anabaki na kipande cha tiketi kinachomruhusu kuja siku nyingine bure. Bosi alikuwa anasema leo hapana, naomba siku nyingine, wala hajakataa. Na "I'm a bit under the weather" maana yake sijisikii vizuri, homa ndogo, mafua, uchovu, usiutumie kwa mgonjwa aliezidiwa, utaonekana huna huruma.

Ya barafu ndo inawatesa zaidi wanafunzi, na siwalaumu. "Break the ice" ni kuanzisha maongezi na watu msiojuana ili ubaridi uishe, picha yake ni kuvunja barafu iliyoziba maji ili chombo kipite. Mtoto aliekulia Ujiji barafu anaijua ile ya kwenye kimfuko ya kunyonya, Ziwa Tanganyika lenyewe maji ya juu yako nyuzi 24 mpaka 28 hivi mwaka mzima, ataipata wapi picha ya maji magumu yanayozuia meli? Muonyeshe video ya meli inapasua barafu, dakika mbili zinatosha. Ukifika "the tip of the iceberg", ncha ya mlima wa barafu, atakuwa ameshaelewa, hapo muongezee tu kwamba kama asilimia 90 ya mlima wa barafu iko chini ya maji, kinachoonekana ni kidogo sana.

Na mgeni nae anateseka upande wetu. Mwambie Mwingereza anaejifunza Kiswahili kwamba jamaa "kala mvua thelathini", atakuuliza alilowa sana? Kumbe jamaa kafungwa miaka thelathini. Kwa jinsi ninavyoona msemo kama huo unakaa vizuri pale ambapo mvua ina mwanzo na mwisho, ikiisha moja unajua mwaka umekwenda, na kuhesabu miaka kwa mvua ni jambo la zamani. London huwezi kuhesabu hivyo, mvua ya Machi na ya Septemba ni ile ile, utaanzia wapi? Kwaiyo ukikutana na mgeni ameganda kwenye msemo huo usianze na kamusi, muelezee kwanza kwamba Tabora mvua ikikata Mei hutaiona tena mpaka Oktoba au Novemba, hapo "mvua tano" na "mvua thelathini" atazielewa mwenyewe.