Kupaza sauti si kupandisha sauti: kimo, mwendo na mdundo

Mwalimu wa kwaya akisema "pandisheni sauti", baadhi ya waimbaji huimba kwa nguvu zaidi, wengine hupanda noti. Wote wametii, na wimbo umevurugika. Kiswahili kinatosha kabisa kufundishia muziki, ila neno "sauti" tumelitwisha mzigo mkubwa mno.

Chukua gitaa. Uzi wa noti iitwayo A, ule wa tano, ukiupiga bila kubonyeza popote hutetema mara 110 kwa sekunde. Upige taratibu, kisha upige kwa nguvu: sauti imekuwa kubwa, lakini noti ni ileile. Sasa bonyeza kwenye kichuma cha 12 kwenye shingo ya gitaa, katikati kabisa ya uzi. Mitetemo inakuwa 220, nawe unasikia A nyingine, ya juu. Hicho ndicho kimo cha sauti. Kati ya A hizo mbili piano ina hatua 12, kila moja nusutoni. Ganuni, ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, huingia ndani zaidi: ina vibao vidogo ambavyo mpigaji huviinua na kuvilaza ili apate noti zilizojificha katikati ya vitufe vya piano. Ndiyo maana mahadhi mengine ya Unguja hayakai vizuri kwenye kinanda cha kawaida, na kwangu ni hasara kuyalazimisha.

Mwendo ni idadi ya mapigo kwa dakika, basi. Piga kofi kila sekunde, umepata 60.

Mdundo ndio unaochanganywa sana na mwendo. Wimbo unaweza kwenda pole na mdundo wake ukawa mgumu, kwa sababu mdundo ni namna sauti fupi na ndefu, nzito na nyepesi, zinavyopangwa juu ya mapigo. Jaribu mdundo wa chakacha, ngoma ya Mombasa, ukiwa umekaa. Hesabu moja hadi sita, urudie bila kusita. Mguu ukanyage kwenye moja na nne. Ukishazoea, mikono ipige kofi kwenye moja, tatu na tano. Mguu unahesabu mbili, mikono inahesabu tatu, na vyote vinakutana kwenye moja. Usikate tamaa mikono ikigoma. Anza polepole sana. Ukiongeza kasi baadaye, umebadili mwendo tu, mdundo umebaki palepale.

Kwa hiyo mwalimu akitaka nguvu, aseme "pazeni". Kwaya ikikimbia, aseme "mwendo", maana waimbaji wengi wakipaza huongeza kasi bila kujua. Na mkiimba bila ala, mwishoni bonyezeni kwenye kinanda ile Doh mliyoanza nayo. Ikiwa mmeshuka, chunguzeni kwanza mi na ti, kwani mara nyingi ndizo huimbwa chini kidogo ya mahali pake. Rudieni kipande hicho peke yake, kwa sauti ndogo, mpaka kila mmoja amsikie jirani yake.