Aliyetajwa na Sacramento Abaki Sacramento: Dhana Potofu Kuhusu Orodha za Drafti ya NBA

Katika mafunzo ya uhariri wa Wikipedia ninayowapa vijana wapenzi wa kikapu, zoezi ninalolipenda kuliko yote ni kuboresha orodha ya drafti ya NBA ya mwaka mmoja, yaani usiku ambao timu za ligi ya kikapu ya Marekani huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Mada wanaijua, vyanzo vipo, na orodha nyingi bado zina mapengo. Lakini haipiti darasa bila mtu kunyoosha mkono: "Mwalimu, hapa pana kosa. Mchezaji Biyombo alianzia timu ya Charlotte, hawa wameandika Sacramento. Nimesharekebisha." Nafungua historia ya ukurasa, narejesha, naeleza. Darasa linalofuata, hayohayo. Safari hii naandika kwa wote.

Dhana: Timu inayoandikwa ni ile mchezaji aliyokwenda kuichezea

Hapana. Orodha ya drafti ni kumbukumbu ya usiku ule. Safu ya timu inajibu swali moja tu: jina la timu gani lilitamkwa jukwaani kabla ya jina la mchezaji? Alikokwenda baadaye kuna mahali pake, nako ni kwenye tanbihi. Cheti cha kuzaliwa hakiandikwi upya kwa sababu mtoto amehamia mji mwingine.

Twende usiku wa 23 Juni 2011, ukumbi wa Prudential Center, Newark, New Jersey. Chaguo la saba, kamishna David Stern anatangaza kwamba Sacramento Kings wamemchagua Bismack Biyombo, kijana wa Lubumbashi aliyekuwa akichezea Fuenlabrada ya Hispania. Chaguo la kumi, Milwaukee Bucks wanamchukua Jimmer Fredette. La kumi na tisa, Charlotte Bobcats wanamchukua Tobias Harris. Sasa sikilizeni vizuri: kabla ya majina hayo kutajwa, timu hizo tatu zilikuwa zimeshakubaliana kubadilishana wachezaji. Biyombo alikuwa wa kwenda Charlotte, Fredette Sacramento, Harris Milwaukee. Kila mmoja alitangazwa na timu iliyokuwa imeshaamua kumpeleka kwingine.

Kwa nini basi kamishna asitangaze tu timu ya mwisho? Kwa sababu makubaliano ya kubadilishana wachezaji hayana nguvu mpaka ligi iyapitishe. Kabla ya hapo chaguo ni mali ya timu iliyokuwa nalo, na kofia anayovaa kijana pale jukwaani ni ya timu hiyo. Mpangilio huu umo katika kanuni za ligi, na aliyeandika Sacramento hakuzembea.

Ukibadilisha mstari wa Biyombo peke yake, unaivuruga orodha nzima. Ghafla Charlotte wana chaguo la 7, la 9, ambalo lilikuwa Kemba Walker, na la 19. Sacramento hawana kitu kabisa hapo juu, wakati sehemu ya bahati nasibu, ile inayopanga zamu za kuchagua, kwenye ukurasa huohuo inaonyesha kwamba chaguo la saba ni lao. Msomaji makini atajiuliza ukurasa unamdanganya wapi, juu au chini. Na mhariri mwenzako atakayekuja kesho ataona Fredette yuko Milwaukee na Biyombo yuko Charlotte, asijue orodha inafuata kanuni gani.

Mstari ulio sawa unasomeka hivi: raundi ya 1, chaguo la 7, Bismack Biyombo, fowadi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Sacramento Kings, Fuenlabrada ya Hispania. Mbele ya Sacramento Kings unaweka herufi ndogo ya tanbihi, na chini ya jedwali unaandika: "Haki za Biyombo zilihamishiwa Charlotte Bobcats siku hiyohiyo, katika makubaliano ya timu tatu yaliyoihusisha pia Milwaukee Bucks." Halafu rejeo la gazeti. Imetosha. Na ni Bobcats, jamani. Timu ya Charlotte haikurudia jina la Hornets mpaka 2014. Jina la timu nalo ni la usiku ule.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba yapo makubaliano yanayokamilika kabla ya drafti, na hayo yanaandikwa tofauti. Orodha ya 2009 ina aina zote mbili ndani ya timu moja. Chaguo la tano lilikuwa la Washington Wizards, lakini wakalipeleka Minnesota Timberwolves kabla ya drafti, wakawapata Mike Miller na Randy Foye. Usiku ulipofika, Minnesota ndio waliomtaja Ricky Rubio. Kwa hiyo safu ya timu inasema Minnesota, na tanbihi inaeleza kwamba chaguo lilitoka Washington. Shukeni mpaka la 18: Minnesota wanamtaja Ty Lawson, kisha haki zake zinakwenda Denver Nuggets. Safu inasema Minnesota tena, ila tanbihi ya hapa inaeleza alikopelekwa. Atakayeielewa mistari hii miwili hatakuja kunyoosha mkono.

Mfano mwingine unaozua ubishi ni wa 2008. Russell Westbrook chaguo la 4, Serge Ibaka wa Brazzaville chaguo la 24, wote na Seattle SuperSonics, tarehe 26 Juni. Wiki iliyofuata timu ikapata ruhusa ya kuhamia Oklahoma City, na jina la Thunder likatangazwa Septemba. Hakuna hata mmoja wao aliyecheza mechi ya ligi akiwa na jezi ya Seattle, na bado mstari unasema Seattle SuperSonics. Nimeshaona mtu akiandika Oklahoma City Thunder katika drafti ya mwezi Juni 2008, yaani timu ambayo siku hiyo haikuwa na jina wala mji huo. Na mashabiki wa Lakers, naombeni muuache mstari wa Kobe Bryant: chaguo la 13, 1996, Charlotte Hornets. Tanbihi inaeleza kwamba haki zake zilikwenda Lakers kwa kubadilishana na Vlade Divac.

Ushauri wangu, nao siuchoki: usianzie kwenye wasifu wa mchezaji. Wasifu umeandikwa na watu wanaojua mwisho wa hadithi. Anza na magazeti ya asubuhi iliyofuata. Mwandishi aliyekuwa ukumbini anaandika nani alitajwa na nani, na anaeleza ni makubaliano gani yamekamilika na yapi bado.

Dhana: Orodha iseme nani alifaulu na nani alifeli

Hili linatugusa sisi Watanzania moja kwa moja. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alitoka Chuo Kikuu cha Connecticut akachaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies tarehe 25 Juni 2009, New York. Mbele yake alikuwepo Blake Griffin pekee. Nyuma yake James Harden alichukuliwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Kila mtu anaujua mpangilio huo, na ndiyo maana watu hawaachi kuingiza maneno. Wa nje huandika kwamba lilikuwa chaguo bovu kuliko yote. Wa kwetu nao hujibu kwa kuandika "shujaa wa taifa". Naondoa yote mawili, tena bila kusita.

Yanayobaki ni yale yanayothibitika. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, na hilo linastahili kabisa kuwa kwenye utangulizi wa orodha. Februari 2010 Memphis walimpeleka Dakota Wizards katika ligi ya maendeleo, yaani ligi ndogo iliyo chini ya NBA, hakuna chaguo la juu kama lake lililokuwa limewahi kupelekwa huko. Hilo pia lina chanzo, na linaweza kuandikwa kwa sentensi moja isiyo na chumvi, ingawa mahali pake hasa ni makala yake mwenyewe. Thabeet ni mtu aliye hai, na sera ya Wikipedia kuhusu watu walio hai haitaki hukumu isiyo na chanzo, iwe ya kumshusha au ya kumpandisha. Msomaji anayaona majina na namba zake, ana akili ya kupima.

Kwa sababu hiyohiyo sipendi safu ya wastani wa pointi za maisha yote ya mchezaji. Inageuza orodha kuwa mashindano, na kwa wale ambao bado wanacheza inapitwa na wakati kila wiki.

Dhana: Tuzo ya mchezaji bora mpya haiwezi kwenda kwa watu wawili wa drafti moja

Inaweza. Katika drafti ya 2009 Tyreke Evans, chaguo la nne, aliipata kwa msimu wa 2009–10. Griffin alikosa msimu huo wote kwa jeraha la goti, akacheza uliofuata, naye akaipata. Ikajirudia kwa drafti ya 2016: Malcolm Brogdon kwanza, kisha Ben Simmons. Ukiona alama ya tuzo hiyo kwenye majina mawili ya jedwali, usifute moja.

Dhana: Lazima majina yawe 60

Sitini ni hesabu ya timu 30 kwa raundi mbili, na hata hiyo hupungua. Drafti ya 2022 ilikuwa na majina 58, kwani Milwaukee na Miami walinyang'anywa chaguo la raundi ya pili kila mmoja. Usitafute wawili waliopotea, andika kwa nini hawapo.

Kwa miaka ya nyuma kosa ni la upande wa pili. Raundi mbili zilianza 1989. Drafti ya 1984 ilikwenda raundi kumi na majina 228, lakini wahariri hukata baada ya raundi ya pili kwa kuwa "waliobaki hawajulikani". Hawajulikani na nani? Oscar Schmidt wa Brazil yumo katika raundi ya sita. Carl Lewis, mwanariadha aliyetwaa dhahabu nne za Olimpiki mwaka huohuo, yumo katika raundi ya kumi, akiwa amechaguliwa na Chicago Bulls, timu iliyomchukua Michael Jordan wa tatu. Orodha isiyo kamili haitapita kwa wahakiki wa Wikipedia, na haistahili kupita.

Dhana: Bendera ya mchezaji kwenye jedwali ni ya nchi aliyozaliwa

Kyrie Irving alizaliwa Melbourne, Australia, na timu yake ya taifa ni Marekani. Mahali pa kuzaliwa peke yake hapatoshi. Tazama timu ya taifa aliyoichezea, na kama hana, fuata vyanzo vya wakati wa drafti. Joel Embiid anasumbua zaidi: alichaguliwa 2014 akiwa Mkameruni, akaichezea Marekani katika Olimpiki ya Paris 2024. Mimi naiacha Kameruni kwenye mstari na kuongeza tanbihi. Wapo wenzangu wanaopinga, basi tulijadili kwenye ukurasa wa majadiliano kabla mtu hajagusa jedwali.

Dhana: Rangi kwenye jedwali zinatosha kuonyesha tuzo na hadhi za mchezaji

Hazitoshi hata kidogo. Asiyetofautisha rangi huenda asione tofauti ya njano na kijani, na asiyeona anasomewa ukurasa na programu isiyojali rangi. Kila rangi iandamane na alama, kama nyota au kikofia, na ufunguo wake uwe juu ya jedwali. Ukiwa hapo, hakikisha jedwali linajipanga kwa jina la ukoo. Thabeet akae kwenye T. Yao Ming, chaguo la kwanza la 2002, akae kwenye Y, maana Yao ndilo jina la ukoo.

Dhana: Kiungo kimoja cha tovuti ya ligi kinatosha kwa ukurasa mzima

Ligi ni chanzo kizuri cha mpangilio wa majina. Kwa habari ya makubaliano, majeraha na sababu za kunyang'anywa chaguo unahitaji chanzo kisicho cha mhusika. Na kila kiungo kihifadhiwe kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za kurasa za mtandao, siku ileile unapokiweka. Kurasa za michezo hufa haraka mno, na nimeshaona orodha nzuri zikikwama kwa sababu rejeo la tanbihi moja halifunguki tena.

Dhana: Orodha haihitaji utangulizi

Inauhitaji, na usiwe "Hii ni orodha ya wachezaji". Taja tarehe na ukumbi, aliyekuwa wa kwanza, na jambo lililoitofautisha drafti hiyo na nyingine. Aya mbili au tatu zenye rejeo.

Dhana: Ikishapewa hadhi ya orodha teule, kazi imekwisha

Hadhi hiyo, ya orodha zilizo bora kuliko nyingine katika Wikipedia, hutolewa na wahakiki, na wahakiki haohao huiondoa. Orodha ya 2009 ina wachezaji ambao watastaafu, na baadhi yao wataingia kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa Naismith, unaowaenzi magwiji wa kikapu. Kila anapoingia mmoja, alama yake kwenye jedwali inabadilika, tanbihi inabadilika, na pengine utangulizi nao. Uweke ukurasa kwenye orodha yako ya maangalizi, upitie kila Juni drafti mpya inapofanyika, na ukikuta mtu amemhamishia tena Ty Lawson Denver, mrudishe Minnesota na umwachie maelezo kwenye ukurasa wake wa majadiliano.